Kosa la Ukurasa wa Kumi na Tisa

Jumatatu, 13 Januari
Ofisini saa mbili kasoro. Ubao bado ulikuwa na hesabu za Ijumaa. Nimezifuta mwenyewe na kuanza upya. Mwaka huu kazi yangu ni moja: kuendeleza makala niliyoandika na Profesa Mutiso kuhusu jinsi nyota zilizokufa zinavyopoa. Ina miaka minne sasa. Ndiyo iliyoitambulisha taasisi yetu. Kabla yake tulikuwa watu wanane juu ya duka la miwani, Parklands, na majirani walidhani ni chuo cha kompyuta. Prof yuko kwake Mountain View tangu apigwe na kiharusi. Haandiki tena. Akili yake ni nzima.

Alhamisi, 6 Februari
Nimepita njia mpya ili nifike kwenye jibu letu la zamani. Sikufika. Langu ni nusu ya lile la makala. Nimekosea mahali.

Jumatano, 19 Februari
Nusu tena.

Jumanne, 11 Machi
Nimeliona. Ukurasa wa kumi na tisa wa makala. Kipande kimoja cha hesabu tulikijumlisha mara mbili kwa sababu kilikuja kwa sura mbili. Kama mtu anayehesabu mtoto mmoja kwa jina la ubatizo, kisha tena kwa jina la nyumbani. Rahisi hivyo. Wahakiki wa jarida lililoichapisha hawakuona. Sisi hatukuona. Nyota hazipoi tulivyosema. Nimekaa sakafuni hadi miguu ikafa ganzi.

Jumatano, 12 Machi
Nimesali ukurasa huo uwe wa Prof. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikatoa daftari zetu kabatini. Mwandiko ni wangu. Yeye aliweka tiki pembeni kwa penseli. Aliniamini.

Ijumaa, 28 Machi
Nimemwambia mkurugenzi, Dkt. Karanja. Alisimama akafunga mlango.
"Umeambia nani mwingine?"
Hakuna.
"Basi ikae hapo. Novemba tunaupa ukumbi jina la Mzee. Yule ni mtu mgonjwa, Dakta. Wacha ipite kwanza."
Nikakubali. Nisijidanganye baadaye: nilikubali haraka, na nilihisi nafuu.

Jumatatu, 5 Mei
Sifanyi kazi. Natoka nyumbani Woodley asubuhi, nafika ofisini, natazama ubao mtupu, narudi. Leo nimepata barua pepe kutoka kwa Namata, mtafiti wa Kampala. Tasnifu yake yote ya udaktari imejengwa juu ya jibu letu. Namba zake hazikubaliani na zetu. Ameandika: "Samahani kwa kukusumbua, najua kosa ni langu." Sikumjibu.

Jumamosi, 10 Mei
Mountain View. Mama Mwende, mke wa Prof, alituletea uji akatuacha sebuleni. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nikasema tu, "Prof, ukurasa wa kumi na tisa."
Hakuuliza wa makala gani.
"Hiyo kitu niliona kitambo, Nekesa. Mwaka juzi."
"Na ukanyamaza?"
"Ndio walikuwa wamekupa mkataba. Kwa sababu ya hiyo makala. Ningesema, wangekutoa."
Alitaka kunishika mkono. Niliuondoa. Nimetoka bila kumuaga Mama Mwende, jambo ambalo sijawahi kufanya katika nyumba ile. Miaka miwili nimesimama mbele ya watu na kufundisha kitu anachojua si kweli. Alikuwa akinisikiliza. Alikuwa akipiga makofi.

Jumapili, 11 Mei
Kanisani watu walisimama kuimba. Mimi nilikaa. Nimemchukia Prof usiku na mchana, kisha nikamkumbuka Namata. Prof alinyamaza miaka miwili. Mimi miezi miwili, na bado naendelea. Tumetofautiana muda tu.

Jumatatu, 12 Mei
Nimemjibu Namata. Kosa si lako, ni letu. Nikamwonyesha mahali. Kisha nikaliandikia jarida kuomba makala iondolewe. Saa tatu asubuhi yote yalikuwa yamekwenda. Karanja hajui.

Jumanne, 13 Mei
Karanja anajua.

Jumanne, 22 Julai
Jarida lilitaka sahihi za waandishi wote wawili. Nilimtumia Prof fomu, sikuipeleka mwenyewe. Leo Mama Mwende ameileta mwenyewe hadi Parklands, ndani ya bahasha ya plastiki. Prof ametia sahihi kwa mkono wa kushoto. Herufi kama za mtoto wa chekechea, zimepanda juu ya mstari.
"Baba Mwende anasema, kama bado umekasirika usije kumwona," akasema. "Kama umepoa, uje."
Nilikuwa bado. Akanywa maji, akaenda zake.

Jumanne, 9 Septemba
Imeondolewa. Jarida limechapisha sentensi mbili na majina yetu. Miaka yote ile, sentensi mbili. Wenzangu sasa wanakunywa chai saa nne kasoro ili wasinikute. Namata ameandika kwamba anaanza tasnifu upya. Hakunishukuru, hakunitukana. Ana haki.

Ijumaa, 17 Oktoba
Ukumbi hautapewa jina. Mkataba wangu unaisha Desemba na hautaongezwa. Karanja aliniambia akitazama dirisha. Katika ripoti ya taasisi, chini ya maendeleo ya mwaka, nafasi ya kundi letu itaachwa wazi. Nilimwambia jibu sahihi lipo, ni nusu ya lile la zamani, linaweza kuandikwa hapo. Akasema, "Nani anataka kusoma nusu?"
Nilingoja nilie. Sikulia. Ndani hamna kitu.

Alhamisi, 20 Novemba
Mama Mwende amepiga simu. Prof amepatwa na kiharusi cha pili. Yuko nyumbani, lakini hazungumzi tena. Nimekaa na simu mkononi. Kulikuwa na swali moja nililotaka kumuuliza nitakapopoa: kwa nini alipiga makofi. Nilichelewa kupoa.

Jumapili, 14 Desemba
Nimekwenda. Mama Mwende hakuniuliza lolote. Alinipa bakuli la viazi vilivyopondwa, akaomba nikae na Prof ili yeye awahi ibada.
Nimemlisha polepole. Nimemfuta kidevu. Alinitazama kwa muda mrefu, na sijui aliona nini. Nilitaka kumwambia nimemsamehe. Haikuwa kweli bado, na sisi wawili tumeshanyamaziana na kudanganyana vya kutosha. Kucha zake zilikuwa ndefu. Nikatafuta mkasi kwenye droo, nikavuta kiti karibu, nikazikata kidole kwa kidole, hadi niliposikia Mama Mwende akifungua lango.