Herufi Tano, Nafasi Moja

Jumapili, 3 Agosti 1969

Gazeti la Kiingereza limefika na treni. Mchezo wa leo: maneno ya herufi tano, yawe na R, A na I ndani. Nimepata TRAIN, CHAIR, RADIO, STAIR kabla chai haijapoa! GRAIN sikulitafuta hata — naliona kila siku kwenye magunia kule Kilangali, ofisi ya shamba la mbegu ninakopiga chapa. Ndiyo siri yangu. Siumizi kichwa; nawaza mahali ninapopajua, nasoma kilichoandikwa pale. Makopo, milango, magunia. Shangazi Teresia, ninayekaa naye hapa Kilosa, anasema nina majivuno. Ninayo. Si dhambi yakiwa na msingi.

Jumanne, 5 Agosti

Kumbe uvumi ni kweli! Hoteli moja ya mbugani Mikumi inataka mpokea wageni. Nafasi ni moja. Mtihani Jumatano ijayo, na wanaojua wanasema meneja hana maswali mengi — anaandika herufi ubaoni, kila mtu atoe maneno ya Kiingereza ya herufi tano. Mchezo wangu! Mungu akitaka kukupa hakuletei barua.

Ninayemwogopa kidogo ni Nikolaus, karani wa stesheni ya Kidete, kwetu. Naye anaomba. Tena ni mtani wangu: yeye Mnyamwezi, sisi Wasagara. Huniita mtumwa wake, nami humwambia mababu zake walipita hapa na mizigo ya watu vichwani. Leo alikuja Kilosa, tukalinganisha majibu ya Jumapili. TRAIN hakuwa nalo. Mtu wa reli! Nimecheka mpaka mbavu zimeuma.

Alhamisi, 7 Agosti

Simu imefika asubuhi. Babu Yeremia amefariki. Tunapanda treni kwenda Kidete.

Jumamosi, 9 Agosti

Tulimzika babu jana. Aliniita Bibi Gazeti, na hakuna mwingine atakayeniita hivyo. Nimelia vya kutosha. Lakini kuna jambo limenikaa kooni.

Jeneza lilikuwa limeshafika kaburini, katekista kafungua kitabu. Mara Nikolaus huyo — kajitosa shimoni, kalala chali, mikono kifuani! Watu wakaangua kicheko. Ni haki yake, msiba bila watani haujakamilika. Kwa kawaida mtani hupewa kuku au hela ya pombe, kisha hutoka. Baba akampa jogoo. Akakataa. Akasema kwa sauti kwamba hatoki mpaka Lea, yaani mimi, aahidi kuwa Jumatano haingii kwenye mtihani wa Mikumi. Kazi ile ni yake.

Kicheko tena. Nami nikacheka. Jua kali, wabebaji wamechoka, baba ananitazama mimi. Nikasema haya, nimeahidi, toka! Akatoka akijipangusa udongo. Babu akazikwa.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada nilimfuata Nikolaus stesheni. Nikamwambia, mtani, ule si ulikuwa utani tu? Hakucheka. Akasema neno lililotolewa kaburini halichezewi, niwaulize wazee wangu. Akarudi kwenye tiketi zake.

Nina hasira! Tena hasira yenyewe sina ruhusa nayo. Mtani akikufanyia jambo ukakasirika, wewe ndiye mkosaji. Anajua. Ndiyo maana alichagua pale.

Baba naye hataki kusikia. Anasema nikiingia kwenye mtihani ule nitakuwa nimemvunjia babu heshima hata udongo haujakauka. Eti kazi ziko nyingi. Ziko wapi? Nipige chapa hesabu za magunia mpaka nizeeke?

Jumatatu, 11 Agosti

Tumerudi Kilosa. Nimejaribu herufi za gazeti la jana. Sikupata neno hata moja. Haijawahi kunitokea.

Jioni nimemweleza shangazi yote. Alikuwa anapepeta mchele, hata hakuinua kichwa. Nilidhani ataniambia nivumilie. Wapi! Akasema utani wa upande mmoja si utani, ni uonevu. Mtani akikuteka, nawe unamteka, naye lazima ajikomboe. Ahadi nisiivunje, ila nimfanye airudishe mwenyewe. Asipoirudisha, basi hakuwa mtani pale kaburini, na ahadi ya namna hiyo haimfungi mtu. Hilo shangazi mwenyewe atamwambia baba.

Shangazi huyu! Nimemkumbatia na ungo wake.

Jumatano, 13 Agosti — Mikumi

Naandika haraka, nimekaa barazani pa hoteli, kando ya dirisha la chumba cha mtihani. Nilikuja na lori la asubuhi. Waombaji wote waliingia chumbani, mimi nikabaki barazani. Ahadi ni ahadi. Meneja, mtu wa Dar, akagawa penseli mojamoja na karatasi. Akaandika ubaoni: herufi tano, zenye E, A na T ndani. Nami nikachungulia dirishani — macho hayakuahidi kitu. WATER! PLATE! TABLE! WHEAT! TEACH! Yamerudi yote!

Nikolaus alikaa karibu na dirisha. Nikaingiza mkono, nikainyakua penseli yake. Nikasema kwa sauti: nimeiteka, mtani, ikomboe! Sitaki jogoo, sitaki hela. Nirudishie ahadi yangu.

Chumba kizima kikacheka. Aligeuka huku na huku kuazima penseli nyingine — hakuna aliyempa. Mambo ya watani hayaingiliwi. Meneja akauliza kuna nini, mama mmoja wa Dumila akamweleza, mpaka habari ya kaburi. Nilifikiri nitafukuzwa. Kumbe naye ana watani kwao! Akawaambia wote waweke penseli chini, akafunika ubao kwa gazeti. Ametupa dakika tano, utani uishe ndipo mtihani uanze.

Nikolaus bado amekaa, ameinamisha kichwa. Akikasirika, watu wote hawa watajua kwamba pale kaburini hakutania. Akicheka, lazima anirudishie ahadi, mimi naingia — na nikiingia, kazi ni yangu. Simwonei huruma. Kidogo tu, labda.

Penseli yake imechongwa vizuri. Ndiyo hii ninayoandikia.

Ameinuka. Anakuja dirishani. Mabega yanamtikisika, na sijui kama ni kwa hasira au —