Mtumishi wa Hema Letu

Mama, nakubusu kichwa kutoka Kupro, tulikokuja likizo. Hema letu liko karibu na bahari, upepo mwingi, na joto la kwetu Sib, pale Maskati, nimelisahau.

Leo mchana nilikuwa nje nakaanga samaki, nikamwita mjukuu wako Salma kwa Kiswahili aje achukue sahani. Mama mmoja wa hema la jirani, wa Maskati kama sisi ila kwao Kiswahili hawakijui, akamwuliza Salma kwa Kiarabu, "Mtumishi wenu huyu mmempata wapi? Wangu kanikimbia."

Nikangoja mjukuu wako aseme mimi ni mama yake. Ana miaka kumi na miwili na mdomo anao. Akaangalia ndara zake, akajibu, "Sijui, baba ndiye aliyemleta."

Baba yake alisikia, akacheka, akasema utoto tu. Samaki wakaungua, baba na mwana wakawala hivyo hivyo.

Mkono uliniwasha nimzabe Salma kofi, nikashindwa. Nilikukumbuka tulipohamia Maskati tu, ulivyoniletea chakula mlangoni mwa skuli, kanga kichwani, ukaniita kwa Kiswahili mbele ya wenzangu. Waliponiuliza, nikawaambia kwa Kiarabu kuwa wewe ni mtumishi wa jirani. Ukanipa chakula, ukanambia nile kabla hakijapoa, ukaenda zako.

Miaka yote nimejiambia kuwa Kiarabu ulikuwa bado hukisikii. Leo nimejua ulisikia.

Nna hamu na wewe, Mama. Nnaomba radhi zako.

Mwanao,
Zuhura