Muluzi Yenye Ulinipa mu Pori

Baba,

Mujukuu wako Amisi iko analala, nguo zake ziko ku kamba, na mimi nimekaa ku mulango, pale ulipenda kuweka kiti yako ukitoka ku kazi ya reli. Mikono inanuka sabuni. Nilitaka kukuandikia tangu zamani, lakini kila mara nikikaa, mutoto analia, ao maji ya bomba inaanza kutoka, natupa kalamu nakimbia na ndoo.

Kiisha wewe kuenda, inchi iligawanyika. Banasema Katanga sasa iko inchi yake peke yake, na bendera yake. Gari ya moshi ya kwenda kwenu haipite tena, ku njia kuko basoda tu. Leoni, bwana yangu, iko Kambove ku mugodi, anafika siku anafika. Mama yake anakaa na sisi. Roho yake si mubaya, lakini mudomo yake unaijua.

Kitu kimoja kiliniuma kila siku: Amisi hakuwa na muluzi.

Unakumbuka safari yetu. Nilikuwa mutoto wa masomo, ukanipeleka Maniema kuona mama yako, nkambo yangu. Gari ya moshi, kiisha mashua ku Lualaba, kiisha kamyo ya mizigo, kiisha miguu mpaka nikalia. Pori ilianza pale pale, kama mulango umefungwa nyuma yetu, jua ikabaki huko juu. Nilivaa biatu bya misa. Ulicheka sana wakati matope ilikula kimoja. Asubuhi kasuku balivuka muto, bengi, na mikia myekundu, bakipiga kelele kama bamama ku soko. Nyayo za tembo zilijaa maji, na bipepeo bilikuja kunywa mule. Ulinionyesha kitanda ya majani juu kabisa ya muti, kwenye sokomutu, ile nyani kubwa kama muntu, alilala. Majani ilikuwa ingali mabichi.

"Alilala muzuri kuliko sisi," ulisema.

Mimi nilibaki nyuma kuangalia bipepeo. Kuinua kichwa, wewe na nkambo, mwenye alikuja kutupokea ku njia, hamuko. Nikalia kwa nguvu yote ya mudomo ya mji: "Baba! Baba Ambrozi!" Nkambo akarudi mbio, akaniziba mudomo na mukono yake yenye kunuka moshi. "Mutoto wa Lubumbashi, unatangazia tembo?"

Pale njo nikajua. Kwenu, mu pori, hapana kuita muntu jina. Sauti inafukuza nyama yenye bawindaji banafuata, na inakasirisha tembo mwenye kuwa na mutoto karibu. Kila muntu iko na muluzi yake, anapewa na muzee wa jamaa, na hapana bantu babili ku muluzi moja, juu ukiita mumoja, na mwengine atakuja, na labda tembo iko katikati. Jioni ile ulinipa yangu: fupi mbili, kiisha ndefu yenye kushuka pole, kama muntu anaweka muzigo chini.

Wakati Amisi alizaliwa, ulimubeba ukasema, "Huyu tutamupeleka. Hapa mu mji sitamupa muluzi. Pori itasikia nini?" Kiisha homa ikakuchukua mbele ya safari.

Baba, juzi tulikuwa mu mulongo ya kununua unga. Ndeke ya vita ikapita chini sana. Bantu bakakimbia, Amisi akaacha kikwembe yangu. Nikageuka, hayuko. Niliita jina yake mpaka sauti ikakatika, lakini kila mama alikuwa anaita wake, na ba-Amisi ni bengi mu mji hii. Nilifikiri... hapana, sitaandika ile nilifikiri.

Midomo yangu ikafanya yenyewe. Fupi mbili, ndefu moja. Mama moja akanipigia kelele: "Angalia huyu! Bantu banakufa, yeye anaita mbwa!" Nikapiga tena. Amisi akatoka chini ya meza ya muuza samaki, Baba, vumbi mpaka ku kope, anageuza kichwa huku na huku, ananitafuta na masikio. Sikumufundisha. Ni ile ninapiga polepole nikimuosha, wakati ninakuwaza.

Ku nyumba mama mukwe akaanza: "Mwanamuke kupiga muluzi! Na wewe mubatizwa!" Nikamujibu na heshima, lakini nikamujibu: "Mama, mutoto alisikia jina yake." Leo asubuhi nilimukuta nyuma ya nyumba anajaribu naye, mudomo bila meno inatoa upepo tu. Nilicheka mpaka machozi ikatoka, juu hakuna wa kumuelezea isipokuwa wewe.

Basi nimekata maneno, na sirudie nyuma. Muluzi ile ni ya Amisi. Sheria ya kwenu ninaijua, haiwezi kuwa ya babili. Sasa ni mimi sina. Ukiniita kule uko, usishangae nisipogeuka. Mara ingine Amisi anaacha kucheza, anageuza kichwa, na mimi sikupiga kitu. Simuulize.

Siku gari ya moshi itapita, nitamupeleka kwa nkambo, kama angali muzima. Hapana na biatu bya misa. Nitasimama pale njia inapinda, bila kuita muntu, mpaka munipe muluzi ingine.

Lala, Baba. Lala muzuri kuliko sisi.

Jojeti, mama Amisi