Roboti Namba Nne Haitaki Kubeba

Jumatatu, 9 Juni
Betri sita, zote nimechaji. Mwenzangu Diane amechomelea waya, mimi nimeandika programu. Kazi zetu ndiyo hizo. Roboti zetu za kadibodi, za kubeba maboksi, zinajifunza zenyewe: kitu kikizipa pointi, zinakirudia. Sheria nimeitoa kwa wabeba mizigo wa stendi ya mabasi ya Nyabugogo. Aliyegusa mzigo kwanza, ni wake, mwingine haugusi. Ukigusa, pointi. Ijumaa watu wa maabara moja ya Kicukiro wanakuja kuangalia hapa Muhima. Wanaajiri mtu mmoja. Mimi na Diane hatuongelei hiyo.

Jumanne, 10 Juni
Siamini. Namba nne imegusa maboksi yote kumi, ikasimama. Zingine zinaizunguka tu. Hakuna inayobeba. Na kwa pointi ndiyo inaongoza! Uvivu huo sijauandika mimi. Nimekagua mara tatu. Diane amecheka mpaka akakaa chini. "Kaka, umetengeneza mheshimiwa."

Jumatano, 11 Juni
Nyabugogo, kwa baba mdogo. Anabeba mizigo pale tangu sijazaliwa. Nimemuuliza, mtu akigusa yote? Ameniangalia kama mgonjwa. "Wewe unaonaga tu, hujabeba. Ukigusa, beba. Hujafikisha, usiguse ingine. Mzigo moja, mtu moja." Kumbe nilijua nusu ya sheria. Aibu. Nimebadilisha programu yote leo leo.

Alhamisi, 12 Juni
Maboksi kumi yamefika. Diane akaweka la kumi na moja, zito, kwa utani. Namba nne ikakwama nalo mlangoni. Namba moja iko nyuma na boksi lake, njia hakuna. Ikaisukuma namba nne mgongoni. Yakapita yote mawili. Boksi la mwenzake haikuligusa. Sheria haijavunjwa. Hiyo hakuna mtu ameiandika.

Ijumaa, 13 Juni
Wamekuja. Tumeweka boksi zito tena, zimesukumana tena. Mama wa maabara akauliza, hii ya kusukumana wazo la nani? Nikasema, mimi. Haraka, kabla hajamaliza. Diane akaangalia sakafu. Kazi nimepata. Sikujua niko mtu wa hivyo.

Jumapili, 15 Juni
Diane amekuja kuchukua pasi yake ya kuchomelea. Ameuliza naanza lini. Kesho, nikasema. Kabla hajaiweka kwenye begi ameunga waya wa namba mbili, ulikuwa umekatika. Sikumwomba. Tukangoja pasi ipoe. Nikamfungulia mlango.