Risasi Katika Damu ya Kondo

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Asubuhi Bernard, meneja utumishi, kaniwekea karatasi mezani. Majibu ya damu ya watu wa tanuru, waliopimwa Julai. Majina arobaini, yote kwa Kiingereza. Nitafsiri, nifupishe iwe tangazo la ukurasa mmoja. Jumatatu ijayo lisomwe, watu wasaini. Kiwanda chetu kinayeyusha betri chakavu za magari, na hapa Zegereni mimi ndiye "mwenye Kiingereza".

Jina la tisa ni Kondo. Mdogo wangu! Mbele yake: Lead, 62.

Jioni kaja kwangu Mlandizi anatabasamu peke yake. Kumbe aliichungulia karatasi alipoleta fomu ya likizo. "Dada, nimeona jina langu na lead. Wamenipa niongoze zamu, eti?" Kwenye ubao wa kiwandani kweli pameandikwa Shift Lead, chini yake jina la msimamizi. Nikasema bado nasoma. Ashura, mkewe, kashaambiwa. Kapika pilau.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeshinda na kamusi. Lead: kuongoza. Kutangulia. Kuwa mbele kwa mabao. Kamba ya kumshikia mbwa, waya wa umeme, mhusika mkuu wa filamu, hata fununu wanayoifuata polisi. Yote hayo neno moja, unatamka "liid", na asili yake ni kitenzi cha kale cha kumfanya mtu aende.

Halafu, chini, kwa namba yake peke yake — lead nyingine. Unatamka "led". Haina undugu na ile ya kwanza, zimefanana herufi tu. Hii ni jina la madini. Risasi. Kijiti cheusi cha penseli nacho wanakiita hivyo, wala si risasi. Watu wa zamani walikifananisha tu. Na sisi neno letu tumelitoa kwa Waarabu, tukalibebesha kazi mbili: madini yenyewe, na ile inayotoka kwenye bunduki.

Nikaingia mtandaoni. Kuna nchi mfanyakazi akifika sitini anaondolewa kwenye kazi hiyo mara moja. Tumbo kufunga. Mikono kulegea. Kusahau. Kwa watoto wadogo — nikazima simu.

Jumatano, 10 Septemba

Bernard kaisoma rasimu yangu, kakata "risasi" kwa kalamu nyekundu. Kila mahali.

"Dada Fadhila, ukiwasomea risasi watadhani wamepigwa. Tutakimbiwa. Andika madini."

"Madini gani, bosi?"

"Madini tu. Hata chuma si kipo kwenye damu ya kila mtu?"

Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini, na anayesaini mpya ni yeye. Nikachapa "madini".

Ijumaa, 12 Septemba

Nimepita kwa Kondo baada ya kazi. Alikuwa hajavua ovaroli. Binti yao, Salama, mwaka na nusu, yuko mapajani, kaingiza mkono wa ovaroli mdomoni anautafuna kama muwa. Nikamnyakua! Kaangua kilio. Ashura kanitumbulia macho: "Wifi, vipi tena?" Nikasema kitambaa kichafu. Kondo kainua kikombe cha chai, kikamponyoka. Akasema siku hizi mkono huu unamsaliti.

Nikaaga, nikaondoka. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 13 Septemba

Vihingo, kwa mama. Nilimkuta anamenya mihogo. Baada ya shikamoo nikashindwa kujizuia: damu ya Kondo ina risasi. Kisu kikamdondoka. "Nani kampiga?" Ikabidi nieleze upya — moshi, vumbi, betri. Nikamwona Bernard akicheka kichwani mwangu. Kumbe kwa hilo alikuwa sahihi.

Mama akauliza nimejua lini. Jumatatu. Mwenyewe anajua? Hapana.

"Jumanne akaenda kazini, ukamwona. Jumatano ukamwona. Alhamisi. Jana." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemwambia Kondo. Kwanza kacheka: "Kwa hiyo si cheo." Kisha akamtazama mtoto. Ashura akasema polepole kwamba ovaroli huwa anaifua beseni moja na nguo za Salama. Tangu azaliwe.

Tumekubaliana: kesho Ashura ampeleke mtoto hospitali. Kondo ataingia kazini — akikosa, watasema katoroka. Akanishika mkono. "Dada, usiharibu kazi yako kwa ajili yangu."

Jumatatu, 15 Septemba

Saa nne na nusu. Naandika haraka, mezani kwangu.

Walikusanywa uwanjani saa mbili. Bernard kanipa tangazo. Nikafika penye "kiwango cha madini" — ulimi ukagoma. Nikasema risasi. Mmoja kacheka, "Nani kapigwa?" Nikasema hakuna aliyepigwa, ni risasi iliyo ndani ya betri, inayeyuka tunaivuta, inatuganda nguoni tunaipeleka nyumbani kwa watoto. Hata tanuru nililisikia.

Bernard kaniambia nirudi ofisini nifungashe vitu vyangu. Kaenda kuwapigia wakubwa simu.

Lakini karatasi ya majina ninayo mimi. Hakuna aliyesaini. Wamepanga foleni mlangoni, mmoja mmoja anataka namba yake. Anaingia, namtajia, namweleza. Faraji, 48. Kaomba nimwandikie kiganjani. Seif, 71. Huyu kakaa chini, yupo hapa miguuni pangu anakunywa maji, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika. Ana mapacha.

Ashura kapiga simu: kipimo hicho hapo hospitali hakuna, damu ya Salama itapelekwa Dar. Wiki mbili.

Namsikia Bernard koridoni, yuko na mlinzi. Hawapiti — foleni haijasogea kuwapisha. Seif anajipangusa mdomo, anainuka. Namwita wa kumi na nane.