Flavia Anakuja na Kobe Wake

Isevya,
Tabora.
20 Julai, 1952.

Mpendwa mdogo wangu Marcelina,

Marahaba kwa shikamoo zako zote, hata zile ambazo sikuzijibu. U hali gani, na kile kifua chako kimepoa? Shemeji Silasi hajambo? Na Dionis mdogo ameshaota meno? Sisi huku tuko wazima wa mwili. Baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi tunaota moto mpaka jua lipande, ila hakuna anayeugua. Nasema wazima wa mwili kwa sababu moyo wangu si mzima, na sababu yake utaisoma humu.

Karanga zimetoka vizuri, mtama ni wastani. Upande wa jikoni nimeezekewa nyasi mpya. Kaburi la mama tulilipalilia kabla ya Pasaka. Lakini unanijua, nikiwa na neno zito nazunguka nyumba nzima kabla ya kuingia ndani, basi niingie.

Flavia anakuja kwako. Atapanda gari la moshi baada ya Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, pamoja na jirani yangu Bibi Batuli anayekwenda Morogoro kumwona binti yake. Mngojeeni kituoni Kimamba. Na haji peke yake, anakuja na kobe, kwa hiyo lazima mtayarishe mahali pa kobe huyo kabla hawajafika. Hapo chini nitaeleza namna ya kupatengeneza.

Kwanza nikiri. Mlipomwacha kwangu alikuwa na miaka minne, mkasema ni mwaka mmoja tu, mpaka mpate chumba cha maana kwenye kambi ya shamba la mkonge. Miaka imekuwa minne. Barua yako ya kwanza ya kumtaka mtoto niliijibu kwamba ana surua. Hakuwa na surua, Marcelina. Ya pili nikajibu kwamba hakuna mtu mzima wa kuaminika anayesafiri upande huo. Walikuwepo, kila juma wanasafiri. Ya tatu nikainyamazia. Na yeye mwenyewe sikumsomea hata moja. Kwa padri nimekwisha kuungama, lakini niliyemkosea ni wewe.

Unajua nilizika wanangu wawili, wote kabla hawajaweza kukaa, na mume wangu Ambrosi akafuata. Flavia alipoanza kuniita mama sikumsahihisha. Ningetoa wapi ulimi wa kumsahihisha? Nilikuwa nikimwacha aite mara mbili ndipo niitike, nisikie tena.

Wakati wa Kwaresima wasichana wa shuleni wakamwambia kwamba mimi si mama yake. Akaja akaniuliza mama yake yuko wapi. Nikasema yuko mbali, nikamkatia muwa. Kesho yake akauliza tena, na keshokutwa. Nikaona nimtafutie kitu cha kumshughulisha, kitu cha kumfunga hapa nyumbani. Ndiyo nia niliyokuwa nayo, sikupambii. Mbwa siwezi kumvumilia, anaramba vyungu. Masele, yule anayetuletea kuni kutoka Itetemia, akasema kobe wako tele porini kwao, akaja na watatu ndani ya gunia. Nikampa kibaba cha karanga, akaturuhusu tuchague mmoja.

Mimi nilimtaka aliye mkubwa, maana nikipata kitu napenda kionekane. Bibi Batuli, ambaye kwao walifuga kobe uani alipokuwa msichana, akanikemea. "Ukubwa si kitu, Getruda. Tazama macho na pua. Huyo wako anatoa kamasi." Wa pili alikuwa ametobolewa gamba ili afungwe kamba, na tundu lilikuwa limeoza, linanuka. Wa tatu hakuzidi bakuli la mchuzi. Lakini macho yake yalikuwa safi, alikuwa mzito mkononi, na Flavia alipomvuta mguu aliurudisha ndani kwa nguvu kama mtu aliyeudhiwa.

"Huyu, mama. Huyu hataki mchezo," alisema. Nikamwuliza atampa jina gani, akajibu kwamba kobe analo jina lake, sisi tu hatulijui.

Tulimkaribisha kama mgeni, kwa ugali na maziwa. Aliharisha siku tatu, Flavia analia, mimi nasali, na Bibi Batuli anatucheka mpaka anashika mbavu. Tukaambiwa tumpe nyasi, mchicha, majani ya maboga na maua yake. Akapona. Ila boma nililomzungushia lilikuwa la fito, na hapo ndipo nilipokosea zaidi. Kobe akichungulia nje anataka kwenda. Kila asubuhi alikuwa akienda upande uleule, upande wa Itetemia alikookotwa, anaingiza kichwa kati ya fito na kusukuma mpaka jua linazama. Nikimgeuza anarudi. Pua ikachubuka, ikatoa damu, tukawa tunamwosha kwa maji ya chumvi.

Basi nikazifyatua tofali za udongo mwenyewe, mgongo huu huu unaoujua. Tukajenga ukuta, tukaupiga lipu ya udongo pasibaki hata ufa. Siku ya pili kobe akaacha kusukuma. Akala, akaota jua, akaingia kivulini kulala. Nilifurahi sana, Marcelina. Nilisimama pale na udongo mikononi nikamwambia Flavia, "Unaona? Amekwisha kusahau kwao."

Hakuinua hata uso. Alikuwa akikata mchicha. Akasema, "Hajasahau, mama. Haoni tu."

Nilikwenda jikoni nikakaa chini nikalia. Yeye hakuwa na nia ya kunichoma, alikuwa anasema habari za kobe. Lakini nilijua ni nani aliyejenga ukuta na ni nani aliyewekwa ndani.

Jumapili ile, tulipotoka Misa, nilimketisha nikamsomea barua zako zote tatu. Alikataa kukaa, akasikiliza amesimama. Nilipomaliza akasema, "Soma tena pale alipotaja jina langu." Nikasoma mara nne. Akaniuliza una sura gani. Nikamwambia mdomo ni wake kabisa, na ukicheka unafumba jicho moja. Akaenda kujitazama kwenye maji ya ndoo. Kisha akarudi kuniuliza kwa nini sikumsomea siku zote. Nikamjibu ukweli, kwamba nilitaka abaki. Hakunitukana, hakulia. Siku mbili alikula uani karibu na kobe, na mimi nikala peke yangu ndani.

Nilimshauri tumrudishe kobe kwa Masele, akamwachie pale alipomwokota. Ndiyo ingekuwa haki, najua. Alikataa kabisa, akamkumbatia na matope yake. Sikuwa na uso wa kumhubiria mtoto habari ya kuwarudisha watu kwao, wala sikuwa na nguvu ya kumnyima kitu kingine. Kwa hiyo anakuja naye ndani ya kikapu chenye nyasi.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa Silasi, maana namjua, atafunga fito tatu na kusema kazi imekwisha. Chagueni mahali panapopata jua la asubuhi. Ukuta uwe wa tofali au mbao zisizoonyesha nje, urefu wa goti, na safu moja ifukiwe ardhini kwa sababu anachimba. Huko kwenu mvua ni nyingi kuliko kwetu, inueni udongo upande mmoja asilale kwenye maji. Tafuteni mtungi mkubwa uliovunjika, muulaze ubavu, muufunike kwa nyasi, hiyo ndiyo nyumba yake. Maji yawe kwenye kigae kifupi, asije akazama. Msimtoboe gamba. Msimpe ugali hata akiwatazama kwa huruma. Baridi ikizidi hula kidogo, msihangaike. Waambieni majirani wa kambini kwamba si kitoweo.

Flavia naye hali vichwa vya dagaa. Hulala upande wa ukutani. Kusoma anajua, usishangae akikusahihisha. Akikasirika hunyamaza, usimlazimishe kusema, atasema mwenyewe siku ya pili au ya tatu. Na akinililia, nakuomba kwa jina la mama yetu, usimchape na usione wivu. Mwache alie amalize. Nguo zake nimezifua na kuziongezea pindo, maana amerefuka.

Ukiamua kutonijibu nitaelewa. Miaka minne si kitu cha kuombea radhi kwa kurasa tatu, na hasira yako ni haki yako. Ila niandikie neno moja tu kwamba amefika.

Msalimie sana Silasi. Mbusu Dionis, mwambie dada yake yuko njiani. Bibi Batuli anakusalimu, anasema utamtambua kwa kanga nyekundu na kwa sauti yake. Masele naye anakusalimu ingawa hakujui.

Limebaki jambo moja ambalo lazima nikuachie. Jana nilimweleza Flavia kwamba akifika huko mama ni wewe, na mimi ni mama mkubwa, ndivyo ilivyokuwa tangu azaliwe. Akasema sawa. Akajaribu kuniita hivyo. Alianza, "Mama," akasimama hapo, akanitazama. Nilipaswa kummalizia neno, Marcelina, nikashindwa. Niliitika. Mfundishe wewe.

Mungu awafunike ninyi nyote kwa mkono wake, na amfikishe mtoto salama mikononi mwako.

Dada yako asiyeacha kukupenda,
Getruda,
mama mkubwa wa Flavia.