Kwaya Nyuma ya Gari

Jumapili usiku, Heru Juu, Kasulu

Kumbe hofu yangu ya wiki nzima ilikuwa ya bure.

Niliogopa watu wa kanisani watasema Baba Eliza siku hizi bosi, maana leo ndiyo mara ya kwanza nimekwenda kanisani na gari jipya. La zamani wote wanalijua: la bluu, mlango mmoja mwekundu, buti limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Starta ilikuwa imekufa. Kila Jumapili ibada ikiisha, wanakwaya walikuja na sare zao wakalisukuma mpaka liwake. Binti yangu Eliza alikuwa anajiinamia kwenye kiti cha nyuma kwa aibu. Hata mimi, jamani, nilikuwa nacheka tu usoni.

Leo nimewasha mara moja, likawaka. Kutazama kwenye kioo, naona kwaya nzima imejipanga nyuma, mikono tayari. Mazoea! Mama Neema, kiongozi wao, akashusha mikono taratibu.

"Hili halituhitaji," akasema.

Ile sauti yake, kama ya mtu aliyeachwa...

Nikazima. Nikaweka gia nyutro, nikatoa kichwa dirishani.

"Mama Neema, limegoma!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha wakasukuma huku wanaimba, mpaka mwisho wa mteremko wa kanisani. Eliza alishuka mwenyewe, akasukuma nao.

Wenye magari mazuri Kasulu ni wengi. Mwenye kwaya ya kumsukuma ni mimi tu.